Sufuria ya umeme ya kutengenezea pombe: Jinsi ya kuchagua ukubwa unaofaa nyumba ya Kitui na Makueni

WAKAZI wengi wa Kitui na Makueni wanaonuia kuacha kuni na kuanza kutengeneza kinywaji cha jadi kwa umeme huuliza swali moja kabla ya mengine yote: sufuria iwe ya lita ngapi?

Swali hilo ni la busara, kwa maana chombo kidogo hufurika na kumwunguza mtumiaji, ilhali chombo kikubwa kupita kiasi humeza tokeni, hukawia kuchemka na huenda kikachoma waya za nyumba.

Jawabu halipatikani kwa kutazama bei dukani. Hupatikana kwa kupima mambo manne: aina ya kinywaji, kiasi kinachotakiwa mwishoni, nguvu ya umeme unaofika nyumbani na maji yaliyopo.

Kwa nyumba ya kawaida yenye soketi za ampea 13, hesabu ya mambo hayo huishia karibu mahali pamoja: kaluvu ya lita 20 hutosheka na chombo cha lita 10 hadi 20, na pombe ya mtama ya kiasi hicho huhitaji chombo cha lita 30 hadi 35. Anayetaka kupita hapo sharti kwanza amwite fundi wa umeme.

Kutoka kuni hadi waya

Kaluvu, kinywaji cha asali ambacho Wakamba wamekitumia tangu jadi katika posa, mahari na mabaraza ya wazee, haikuhitaji sufuria kubwa. Asali ilichanganywa na maji, ikatiwa kibuyuni pamoja na tunda lililokaushwa la mwegea, ambalo Wakamba huliita miatine na majirani wao wa Mlima Kenya huliita muratina. Kibuyu kiliwekwa karibu na meko ili kipate joto, na baada ya siku chache kinywaji kilikuwa tayari.

Katika kazi hiyo moto ulikuwa wa kupasha tu, si wa kutokosa. Pombe ya nafaka ni kazi nyingine: unga wa kimea hupikwa na maji yake kuchemshwa kwa muda mrefu, na hapo ndipo kuni nyingi zilipoteketea.

Kuni na makaa vimekuwa suala zito katika eneo hili kame. Mwanzoni mwa 2018, serikali ya Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara ya makaa na usafirishaji wake nje ya kaunti kwa sababu ya uharibifu wa misitu.

Wakati huo nyaya za stima zilikuwa zikizidi kuenea vijijini. Mradi wa kitaifa wa kuunganishia wananchi umeme ulioanza 2015 ulipunguza ada ya kuunganishiwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kuwa na soketi zikawa nazo.

Sheria kwanza

Kabla ya kununua chombo chochote, msomaji afahamu kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyofahamika kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, inataka anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi anapaswa kuuliza masharti katika ofisi ya leseni ya kaunti yake kabla ya kuingia gharama.

Aidha, makala haya yanahusu kinywaji kinachochachwa pekee. Kukusanya mvuke ili kupata pombe kali ni shughuli tofauti kabisa yenye hatari zake, na sufuria inayoelezwa hapa haikukusudiwa kazi hiyo.

Mnamo Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, Kitui ikiwa mojawapo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani. Sumu ya namna hiyo huletwa na wafanyabiashara wanaotaka kuongeza makali. Haitokani na asali au mtama uliochachwa kwa njia safi.

Kaluvu: chombo kidogo chatosha

Anayetengeneza kaluvu pekee hana haja ya chombo kikubwa. Tuchukue mfano wa lita 20.

Kilo 4 za asali, iwe ya Mwingi au ya Kibwezi, hujaza karibu lita 3 tu, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Zinazobaki ni lita 17 za maji. Mchanganyiko huo ukichacha hadi sukari yote iishe, hufikia takriban asilimia 9 ya alkoholi, kiwango kinachokaribia divai kuliko bia.

Iwapo maji ni safi na yamekwisha kutibiwa, kinachohitajika ni kupasha lita 5 pekee hadi asali iyeyuke vizuri, kisha kuongeza maji baridi. Sufuria ya lita 10 inatosha, na umeme utakaotumika ni kama moja kwa tano ya uniti.

Iwapo maji yametoka mtoni au kisimani, yafaa yachemshwe yote. Hapo birika kubwa la umeme la lita 20, la aina inayotumiwa kuchemshia chai harusini na makanisani, litamaliza kazi kwa mkupuo mmoja na kutumia karibu uniti moja na nusu.

Asali yenyewe isitokoswe. Moto mkali huondoa harufu yake, na harufu hiyo ndiyo fahari ya kaluvu.

Tunda la miatine lililokwisha kuandaliwa nalo lisitiwe katika maji ya moto. Hamira huishi katika nyuzi zake, na maji ya moto huiua. Maji yapoe kwanza hadi yawe vuguvugu, mkono uweze kuyavumilia bila taabu. Tunda bichi lisitumiwe kamwe, kwa kuwa lina sumu.

Pombe ya mtama: hesabu inabadilika

Mtama ni zao linalostahimili ukame, na aina ya Gadam imekuzwa kwa wingi katika kaunti hizi mbili kwa ajili ya viwanda vya bia. Wakulima wanakumbuka jinsi ushuru uliotozwa bia ya kegi mwaka wa 2013 ulivyoyumbisha soko lao hadi ulipopunguzwa tena 2015. Mtengenezaji mdogo mwenye leseni aweza kuutumia mtama huo huo.

Hapa chombo sharti kiwe kikubwa kuliko pombe itakayopatikana, kwa sababu maji hupungua katika kila hatua. Mfano wa lita 20 unaonyesha yanakokwenda.

Kilo 5 za kimea kilichosagwa hufyonza karibu lita 5 za maji ambazo hazitarudi. Saa moja ya kuchemka hupoteza lita 3 hivi kwa mvuke. Machicha yanayobaki chini huchukua lita moja au mbili.

Kwa hiyo kupata lita 20 kunahitaji kuanza na takriban lita 30 za maji. Nafaka yenyewe nayo hujaza nafasi ya lita 3 na zaidi. Jumla inafika lita 33, na ndiyo maana anayepika kila kitu katika chombo kimoja anahitaji sufuria ya lita 35.

Anayepika nafaka katika chombo kingine na kuleta maji ya kimea yaliyochujwa tayari, huanza kuchemsha lita 25 pekee. Huyo atatosheka na sufuria ya lita 30.

Lita 5 zinazoachwa wazi juu ni nafasi ya povu, wala haziendi bure. Maji ya kimea yanapokaribia kuchemka huinuka ghafla mithili ya maziwa, na mtu aliyejaza chombo hadi ukingoni hawezi kuwahi kuzima swichi.

Kanuni ya kukumbuka

Kwa ufupi, anayechemsha maji yaliyochujwa azidishe kiasi cha pombe anachotaka mara moja na nusu. Anayepika nafaka na maji pamoja azidishe mara moja na robo tatu, na kwa viwango vidogo azidishe mara mbili.

Vipimo vifuatavyo ni vya anayepika vyote katika chombo kimoja:

Lita 5 za pombe: sufuria ya lita 10.

Lita 10 za pombe: sufuria ya lita 20.

Lita 20 za pombe: sufuria ya lita 35.

Lita 40 za pombe: sufuria ya lita 70.

Mtu asikimbilie ya lita 70 kwa kudhani kwamba kikubwa hufanya kazi ya kidogo. Elementi, yaani chuma kinachotoa joto, sharti ifunikwe na maji wakati wote, la sivyo huungua. Katika chombo kipana ambamo elementi imepenya ubavuni, huenda lita 10 au zaidi zikahitajika kuifunika tu. Mwenye chombo hicho hawezi kutengeneza lita 5 za majaribio.

Umbo nalo ni muhimu. Sufuria pana hupoteza maji mengi kwa mvuke kuliko iliyo ndefu. Chombo cha lita 35 chenye kipenyo cha sentimita 35 na kimo kinachozidi hapo kidogo ni kizuri kwa kazi hii.

Umeme ndio mpaka

Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na soketi ya kawaida hubeba ampea 13. Kwa hesabu hiyo, elementi ya wati 3,000, inayovuta ampea 12.5, ndiyo kubwa kabisa inayoweza kuchomekwa ukutani. Zaidi ya hapo fyuzi hukatika au plagi huyeyuka.

Elementi hiyo huchukua dakika 41 kuchemsha lita 25 za maji yaliyo na joto la nyuzi 25, pasipo kuhesabu joto linalopotea. Kiuhalisia ni dakika 45 hadi 50. Lita 50 kwa elementi hiyo hiyo zitachukua zaidi ya saa moja na nusu.

Kuna jambo ambalo maandishi ya kiwandani hayamwelezi mnunuzi. Katika nyumba zilizo mwisho wa laini, volti hushuka nyakati za jioni. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, elementi ya wati 3,000 haitoi 3,000 tena bali takriban 2,100, kwa kuwa nguvu hupungua kwa kasi kuliko volti. Dakika 41 zinakuwa karibu saa nzima.

Mkazi wa kijiji chenye umeme dhaifu afadhali achague chombo cha lita 20 kinachochemka sawasawa kuliko cha lita 35 kinachovuta mvuke tu bila kutokota. Kazi ifanywe asubuhi au mchana, wakati majirani hawajawasha vyombo vyao.

Chombo cha lita 70 huhitaji elementi ya wati 5,500 hivi, ambayo huvuta ampea 23. Hiyo sharti iwe na waya wake mnene na swichi yake kutoka kwenye sanduku kuu la umeme, na kazi hiyo ni ya fundi aliyeidhinishwa. Gharama yake iingizwe katika bei ya sufuria.

Mwinuko wa eneo unasaidia kidogo. Mji wa Kitui, ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huona maji yakichemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Anayesubiri kipimajoto kisome 100 atasubiri bure.

Tokeni ngapi?

Kupika na kuchemsha lita 20 za pombe ya mtama hutumia uniti 5 hadi 6 kwa jumla. Nusu ya hizo huenda katika saa moja ya kuchemka, si katika kupasha maji.

Katika mfumo wa bei za umeme ulioanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi huwekwa katika ngazi ya bei nafuu. Mapishi mawili kwa mwezi huchukua zaidi ya theluthi moja ya kiwango hicho, na familia iliyokuwa karibu na mpaka yaweza kujikuta imevuka na kulipa zaidi kwa kila uniti.

Kufunika sufuria wakati wa kupasha na kuizungushia blanketi kuukuu lisilogusa elementi wala swichi hupunguza matumizi. Kifuniko kiondolewe kinywaji kinapoanza kuchemka, ama povu litafurika.

Maji ya kupozea

Katika nchi ambako mvua hutegemewa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mtungi wa lita 20 una thamani yake. Wengi huhesabu maji ya kupikia na kusahau ya kupozea.

Kupoza lita 20 kwa mpira unaozungushwa sufuriani huku maji baridi yakipita ndani yake hutumia maji maradufu au zaidi ya pombe yenyewe. Asiyekuwa na tangi afunike sufuria vizuri na kuiacha ipoe yenyewe hadi asubuhi. Sufuria ya lita 35 hupoa polepole kuliko ya 20, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozidisha ukubwa.

Wenye tangi wayakinge maji yaliyopita mpirani na kuyapa mifugo au mboga yakishapoa.

Maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvi. Chumvi na chokaa huganda juu ya elementi na kuifanya ichukue muda mrefu kupasha, hatimaye ikaungua. Maji ya mvua, au yaliyochujwa na mchanga katika mabwawa ya mchanga ambayo eneo hili linajulikana kwayo, ni bora. Anayelazimika kutumia ya kisima aisugue elementi kwa siki au ndimu baada ya kila mapishi machache.

Bati, alumini au chuma cha pua?

Sufuria za alumini zisizo na mikono zimejaa katika kila soko na bei yake ni nafuu. Zafaa kuchemshia, lakini kinywaji kisiachwe kichachie humo, kwa kuwa ukali wake hula alumini.

Madebe na mapipa ya mabati yaepukwe kabisa. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka katika kinywaji chenye asidi na kumdhuru mnywaji. Mapipa yaliyobeba mafuta au kemikali hayasafishiki, hata yakioshwa mara kumi.

Chuma cha pua ndicho bora, ingawa bei yake ni ya juu. Chombo kiwe na koki chini. Sufuria yenye lita 30 za maji yanayochemka ina uzito unaozidi kilo 30, na hakuna mtu anayepaswa kuinyanyua.

Elementi iliyo wazi isiguswe na unga. Mtama huwa mzito kama uji unapopikwa, hushika juu ya chuma na kuungua, na pombe nzima hunuka moshi. Nafaka itiwe katika mfuko wa kitambaa au juu ya chujio la chuma, na mpishi akoroge bila kuchoka.

Usalama

Maji na umeme havina urafiki. Koili za kutumbukiza ndani ya ndoo ya plastiki, zinazouzwa kwa bei ya chini mitaani, zisitumiwe kwa kazi hii. Ndoo huyeyuka, na anayetia mkono kupima joto aweza kupigwa na stima.

Sufuria yoyote ya chuma sharti iunganishwe na waya wa ardhi unaofanya kazi. Nyumba nyingi zina soketi yenye matundu matatu lakini waya wa tatu haujaunganishwa popote. Fundi athibitishe hilo, na aweke swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja.

Waya wa nyongeza uliokunjwa usitumiwe kubeba wati 3,000 kwa saa mbili, kwani hupata moto hadi mpira ukayeyuka. Plagi iguswe kila baada ya nusu saa, na ikiwa ni ya moto kazi isimame. Watoto wakae mbali hadi sufuria ipoe.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Mnunuzi aandike kwenye karatasi majibu ya maswali matano. Je, leseni imepatikana? Ni kaluvu au pombe ya mtama? Ni lita ngapi zitakazonyweka kabla hazijaharibika? Je, soketi na waya wa ardhi vimekaguliwa? Maji ya kupikia na kupozea yatatoka wapi wakati wa kiangazi?

Swali la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi. Pombe ya mtama isiyohifadhiwa kiwandani huharibika baada ya siku chache katika joto la Ukambani. Familia inayoandaa ntheo, yaani mbuzi wa kwanza wa mahari, mara moja kwa mwaka, haihitaji chombo cha lita 70 kitakachokaa stoo kikishika vumbi. Yaweza kupika mara mbili kwa chombo cha lita 35, leo na kesho, na kupata lita 40 zile zile bila kubadilisha waya hata mmoja.